Skrubu Iliyokosea Tundu

Kabla Mwalimu hajatolewa zoloto, kile kiungo cha sauti kooni, daktari alimwambia bila kuzunguka: uvimbe utaondoka, na sauti itaondoka nao. Mwalimu alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na moja, na sauti yake iliwahi kunyamazisha uwanja mzima wa wanafunzi bila kipaza sauti. Wiki tatu kabla ya upasuaji, mtaalamu mmoja wa kike wa chuo kikuu alimkalisha mbele ya maikrofoni, akamtaka asome sentensi mia kadhaa, kisha akaziingiza kwenye programu ndani ya kompyuta mpakato. Baada ya upasuaji Mwalimu akawa anaandika, na kompyuta inasema, kwa sauti yake mwenyewe. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo, na maswali iliyatamka kama amri, lakini ilikuwa yake.

Tatizo lilikuwa mwendo. Kompyuta ilikuwa kuukuu. Mwalimu akiandika neno la utani, yenyewe inawaza weee, na ikija kulisema watu wameshahama mada. Siku moja mezani shangazi mmoja alikuwa amemaliza kusimulia habari za msiba, mara kompyuta ikaropoka: "Huyo jogoo ana akili kuliko mwenye nyumba." Watu wakaganda. Lilikuwa jibu la kisa kilichotangulia. Mwalimu alicheka kwa mabega, peke yake, lakini baada ya hapo hakuandika tena mbele ya wageni.

Binti yake ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Mtaani walimwita Mama Meno, kwa sababu alitengeneza meno ya bandia katika chumba kimoja nyuma ya kliniki, kati ya mataya ya plasta na mashine ya kusugulia. Mikono yake ilizoea vitu vidogo. Akanunua memori mpya na diski mpya, na Jumamosi mchana, baba yake akiwa amejilaza, akaifungua kompyuta juu ya meza ya jikoni. Akahamisha kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya, akafunga. Alikuwa ametoa skrubu kumi na moja na akarudisha kumi na moja. Akajipongeza kwa chai.

Jumapili nzima nyumba ilikuwa na kelele. Mwalimu aliandika na kompyuta ikajibu papo hapo. Akakosoa taarifa ya habari. Akambishia mkwewe. Akamwuliza jirani, kupitia dirishani, kama gari lake linanguruma hivyo kwa ugonjwa au kwa tabia. Siku hiyo yote kompyuta ilikaa mezani na waya wake wa chaji, kwa hiyo hakuna aliyejua kilichoharibika.

Jumatatu asubuhi simu ya Mama Meno ikaita. Alikuwa mama yake mdogo, mke wa ndugu pekee wa Mwalimu.

"Baba yako mdogo yuko wodini," alisema. "Mguu umeoza, kesho asubuhi wanaukata. Daktari anasema moyo ni dhaifu, tuagane naye leo. Sasa amemtaja kaka yake. Mwanangu, miaka kumi na moja hajamtaja. Mwambie aje."

Mama Meno alijua habari ya miaka kumi na moja kama kila mtu katika ukoo alivyoijua. Baba mdogo, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, alikuwa dereva wa malori ya masafa. Mama yao alipofariki, yeye alifika siku ya tatu, kaburi limeshasawazishwa. Na Mwalimu, mbele ya watu wote, kwa ile sauti ya uwanjani, akasema kuna mwana aliyekosa nafasi ya kumzika aliyemzaa. Kitinda alipanda lori lake akaondoka. Baadaye kisukari kikamla macho yote mawili, na hata hapo ndugu hao hawakutafutana.

Mwalimu alipoambiwa habari hizo, alikaa mezani akaandika kwa saa mbili na nusu. Mama Meno alipomkaribia, aliinamisha kioo asione.

Muda wa kutazama wagonjwa ulikuwa saa saba hadi saa nane mchana, kisha saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni. Waliingia wodini saa saba na dakika tano. Kitinda alikuwa kitanda cha sita, mrija wa oksijeni puani, macho meupe yakitazama feni bila kuiona. Mama mdogo akamwinamia sikioni. "Kaka yako amefika."

Uso wa mgonjwa ukabadilika. "Kaka?"

Mwalimu akafungua kompyuta juu ya magoti. Kioo kilionyesha betri imejaa. Akamtazama binti yake, akamwonyesha mlango kwa kidevu. Mama Meno akarudi nyuma hatua chache, na hapo hapo akaisikia ile sauti, ya baba yake, ikijaa wodini.

"Mdogo wangu. Ni mimi. Usiku ule mama alipokuwa anakata roho, mimi ndiye—"

Ikakatika. Kioo kikawa cheusi.

"Wewe ndiye nini?" akauliza Kitinda.

Mwalimu alibonyeza kitufe. Kompyuta ikawaka, ikaonyesha nembo yake, ikazimika. Akabonyeza tena. Ikawaka, ikazimika.

"Kaka, wewe ndiye nini?"

Mwalimu akafungua kinywa. Kilichotoka ni upepo tu, ukipiga mluzi kwenye tundu la shingoni. Kitinda, ambaye hakuwahi kumsikia ndugu yake katika hali hiyo, akashtuka. "Nini hicho? Nani anapuliza?"

"Ni yeye, baba mdogo," Mama Meno akasema, ameshakimbilia pale. "Koo lilikatwa. Anasema kwa mashine, na mashine imezima. Subiri kidogo, nachomeka chaja."

Ukutani palikuwa na soketi tatu: ya oksijeni, ya pampu ya dawa, na ya tatu imezibwa kwa plasta. Sista alifika kabla hajainama.

"Hapana, dada. Hizo ni za wagonjwa."

"Dakika tano tu, sista. Nakuomba."

"Wiki iliyopita mtu alichaji simu hapa, fyuzi ikaruka, wodi nzima ikakosa oksijeni. Hata mama yangu mzazi ningemkatalia."

Mama Meno akatoa kalamu, akamgeukia baba yake. "Andika kwenye karatasi, nimsomee." Mwalimu akatikisa kichwa. "Basi niinamie, nikusome midomo." Akatikisa tena, kwa nguvu, machozi yakiruka pembeni. Akampokonya kalamu na kuandika kwenye kiganja chake mwenyewe: SI KWA MDOMO WAKO.

Kitinda alikuwa anasikiliza mtafaruku wote huo asiouona. "Miaka kumi na moja," akasema taratibu. "Unakuja kunifanyia mzaha nikiwa kitandani." Akageuzia uso ukutani. Hakugeuka tena mpaka kengele ilipolia.

Walikuwa na saa tatu.

Mama Meno alimketisha baba yake kwenye kiti cha wateja katika chumba chake cha kazi, akasukuma mataya ya plasta pembeni na kuiweka kompyuta chini ya taa. Alimpigia simu mtaalamu wa chuo kikuu kuuliza kama sauti inaweza kuhamishiwa kompyuta nyingine, kwa kuwa programu ilikuwa imefungamanishwa na ile moja. Simu haikupatikana. Akapiga mara sita. Akafungua programu ya kusoma iliyokuwa kwenye simu yake, akaandika "Habari, mdogo wangu," ikatoka sauti ya mwanamke mgeni anayekula nusu ya kila neno. Mwalimu aliinyakua simu akaifunika kifudifudi.

"Sawa, Baba. Sawa. Nimeelewa."

Akachomeka chaja: kompyuta ikafanya kazi bila kasoro. Akawaza kuirekodi kwenye simu, lakini Kitinda angeuliza maswali, na rekodi haijibu. Akachomoa: ikafa, betri ikisema ina asilimia tisini na sita. Jambo lilikuwa wazi. Kabla ya Jumamosi kompyuta ilikuwa na uzito wa kufikiri, lakini ilikaa na betri saa mbili. Jumamosi alitia mkono wake, na leo imekufa. Kwa hiyo ni yeye.

Alidhani vifaa vipya vinakula umeme mwingi. Akafungua mgongo, akarudisha diski ya zamani, akafunga, akajaribu. Ikafa. Akafungua tena, akarudisha memori ya zamani. Ikafa. Sasa kompyuta ilikuwa na viungo vyake vyote vya awali na bado ilikufa, na saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo. Akakaa sakafuni kati ya vumbi la plasta.

"Nimekuua mara ya pili, Baba," akasema. "Daktari alikutoa sauti, nami nimekutoa iliyobaki."

Mwalimu hakumtazama. Alikuwa anasugua kiganja chake, na wino hautoki.

Mtaa wa nyuma ya kliniki palikuwa na kibanda cha mwanamke mfupi aliyevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Watu walimwita Bi Solda. Alitengeneza redio, simu, kompyuta na chochote chenye waya, na alikuwa na sifa ya kugomba na wateja. Mama Meno alimwaga kompyuta, vile vifaa vipya na maneno yake yote juu ya kaunta kwa pamoja.

"Pumua kwanza," alisema Bi Solda. "Ulipoifungua, ulichomoa betri kabla hujagusa kitu?"

"Sikujua kama inatakiwa."

"Hamjui, hamuulizi, mnafungua tu." Lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kazi. Akatoa mgongo, akachomoa plagi ndogo ya betri, akakibana kitufe cha kuwashia nusu dakika nzima ili umeme uliobaki utoke, akachomeka tena. Ikawaka. Mama Meno akashika kifua. Ikazimika.

Bi Solda akachukua mita ya kupimia umeme, akagusisha ncha zake kwenye betri. "Ikiwa imetulia, ina nguvu zote. Sasa tuifanyishe kazi." Akawasha, namba ikaporomoka. "Umeona? Umeme upo, njia ndiyo haipitiki. Kama bomba lenye kitambaa ndani: tone linapita, ndoo haijai. Umegombana na diski na memori bure. Hizo hazina kosa."

"Sasa nini?"

"Ulipofunga, skrubu zote zilirudi?"

"Zote kumi na moja. Nilihesabu."

"Sikuulizi idadi. Kila moja ilirudi kwenye tundu lake?"

Mama Meno alikumbuka kisosi cha jikoni, na skrubu zote ndani yake zikilala pamoja kama punje.

Bi Solda akazimwaga juu ya kitambaa, akazipanga kwa kibano. Kumi zilikuwa sawa. Moja ilikuwa ndefu kuliko wenzake kwa kiasi cha unene wa ukucha. Akaielekeza kwenye tundu lililokuwa kona ya chini, akainamisha kompyuta ili mwanga uingie. Chini ya tundu hilo, mahali ambapo nyaya za betri zilipita kwa foleni, palikuwa na shimo dogo jeusi. Waya mwekundu ulikuwa umekandamizwa na kukatika, umebaki na nyuzi tatu nyembamba kama unywele.

"Kila ulipofunga, uliusaga zaidi," Bi Solda akasema, safari hii bila kugomba. "Na angalia hapa. Ncha imegusa ngozi ya betri yenyewe. Mungu anakupenda. Ingeingia kidogo tu, mngelala na moto ndani ya nyumba."

"Unaweza kuunga?"

"Kuunga naweza. Lakini betri hii imeumia, siiamini. Betri mpya ya aina hii inaagizwa, wiki tatu."

"Saa kumi na moja," Mama Meno akasema. "Nahitaji saa kumi na moja ya leo. Baada ya hapo hata ukiitupa." Akamweleza habari ya kitanda cha sita.

Bi Solda alivua miwani mmoja, akamtazama kwa mwingine. Kisha akawasha chuma cha solda. Hakusema kitu mpaka moshi ulipopanda na waya ukashika. Akauvika mpira, akaubandika mbali na tundu, akarudisha diski na memori mpya. "Hizi zinakula kidogo kuliko za zamani, kwa taarifa yako." Akapunguza mwanga wa kioo hadi herufi zikaonekana kwa shida, akazima mtandao na kila kisichohitajika. Skrubu ndefu akairudisha kwenye bawaba, kwao. Akachomoa chaja.

Kompyuta ikabaki hai.

"Dakika kumi na tano," alisema. "Ishirini ukibahatika. Mkono ukae chini yake muda wote. Ukisikia joto la kikombe cha chai, zima, hata kama sentensi iko katikati. Na isilale ndani ya nyumba yako leo, niletee hapa."

Saa kumi na moja kamili walikuwa mlangoni mwa wodi. Mwalimu alimzuia binti yake kwa kiganja, akaingia peke yake. Mama mdogo naye akatolewa nje. Wanawake wawili wakasimama kizingitini, wakiona bila kusikia, kwa kuwa feni ilikuwa inakwaruza na kitanda cha pili walikuwa wanasali.

Walimwona Mwalimu ameketi, mkono wa kushoto chini ya kompyuta, wa kulia ukibonyeza. Walimwona Kitinda amegeuzia uso ukutani. Dakika ya kwanza, ya pili. Kisha kichwa cha mgonjwa kikageuka polepole. Kisha akajaribu kuinuka kwa kiwiko, na Mwalimu akamrudisha chini kwa bega. Midomo ya Kitinda ilikuwa inauliza kitu kimoja, tena na tena. Mwalimu akaandika upesi. Halafu Mama Meno akaona mkono wa kushoto ukiruka kama uliochomwa.

Mwalimu akaishika kompyuta sekunde chache zaidi, meno yameumana. Kisha akaifunga mwenyewe.

"Alisema nini?" Kitinda sasa alikuwa anapaza sauti. "Kaka! Mama alisema nini?"

Mwalimu akaangalia huku na huku. Akatoa karatasi mfukoni, akaandika juu ya paja, haraka, herufi zikigongana. Alipomaliza aliishika karatasi hiyo kwa mikono yote miwili, muda mrefu kwa mtu ambaye anaitwa kwa kelele hivyo. Ndipo akageuka mlangoni na kumwita binti yake kwa kichwa.

Mama Meno akaja. Akaanza kusoma kabla hajaelewa anachosoma.

"'Alisema: Mwambieni Kitinda asikimbize gari. Nitamngoja. Alingoja siku mbili.'" Akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Soma vizuri, mwanangu," Kitinda akasema.

"'Alinipa kazi ya kukupigia simu. Sikukupigia. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani, namwosha, namlisha, na yeye kila akifumbua macho anauliza wewe uko wapi. Nilisema moyoni, acha amkose. Halafu nikasimama kaburini nikakutupia wewe lawama.'"

Karatasi ilikuwa imekwisha. Mama Meno hakumtazama baba yake. Hakujua aanzie wapi kumtazama.

"Siku mbili," Kitinda akasema. Alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya shuka. "Nilikuwa kituo cha mizani, saa sita kutoka nyumbani. Nimekaa pale nikicheza karata, lori linangoja zamu. Saa sita tu." Kifua kikapanda na kushuka. "Miaka yote hii namwota mama amenipa mgongo. Naamka nasema, hakuniita, hakunitaka. Kaka, toka nje."

Mwalimu hakutoka mara moja.

"Toka. Sitaki kukusikia ukipumua."

Akatoka. Akapita kati ya vitanda, kompyuta kifuani, kiganja cha kushoto kimekuwa chekundu, akakaa kwenye benchi la korido. Mama mdogo, ambaye hakujua lolote, akamsogelea kumshika mkono, na yeye akaurudisha nyuma.

Ndani, Kitinda alikuwa ameshika kanga ya Mama Meno ili naye asiondoke. "Rudia ile ya gari," akasema.

"'Mwambieni Kitinda asikimbize gari. Nitamngoja.'"

"Tena."

Akarudia mpaka kengele ikalia, na sista, aliyesimama tayari kuwafukuza, akajishughulisha na kitanda kingine dakika mbili zaidi.

Asubuhi walimkata mguu. Moyo ulisimama mara moja kwenye meza ya upasuaji, wakaurudisha. Siku mbili hakujua alipo. Alipopata fahamu sawasawa, hakuuliza habari ya mguu. Alisema ana maswali, na kwamba yule mtu aletwe.

Betri mpya ilikuwa bado iko njiani, kwa hiyo Mwalimu alienda na daftari. Alikaa upande mmoja wa kitanda, mama mdogo upande wa pili, na kila alichoandika Mwalimu, mama mdogo alikisoma kwa sauti. Ndivyo ukoo mzima ulivyopata kujua, pamoja na vitanda vya tano na saba. Kitinda hakusamehe. Aliuliza mama alivaa nini, alikula nini siku ya mwisho, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa, na nani mwingine alijua. Mengine Mwalimu aliyajibu, mengine alikaa na kalamu hewani. Walipofika kwenye maneno ya kaburini Kitinda alipiga kelele mpaka mrija ukachomoka puani. Mwalimu naye akakasirika, akaandika kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, akamsukumia shemeji yake daftari.

Mama mdogo akalitazama, akalifunga.

"Hili silisomi," akasema. "Andika lingine."

Mwalimu akafungua ukurasa mpya.